Pua ya William Mshindi



Nimeombwa nizungumze nanyi hapa Adelaide kwa dakika ishirini kuhusu namna ya kuwatafuta wazee wetu waliotoka Uingereza wakaja Australia. Dakika ishirini hazinitoshi hata kujitambulisha, hasa baada ya mwenyekiti, ambaye nimekwisha kumsamehe, kunitambulisha kwa sentensi moja kwamba mimi ni "karani mstaafu anayependa mambo ya zamani." Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Nasaba. Cheti ni hiki hapa, nimekitia fremu. Mlioketi nyuma hamyaoni maandishi madogo, basi nitawasomea: mafunzo yalikuwa ya Jumamosi moja, saa tatu hadi saa sita, chai ikiwemo.

Nawashukuru kwa kijisanduku hiki cha kusimamia. Aliyefunga kipaza sauti alikifunga juu mno. Na kabla hamjauliza, naam, kalamu hii ni ya dhahabu. Nilijitunuku siku nilipomaliza kitabu changu kuhusu ukoo wangu, ambacho kinauzwa pale mlangoni na ambacho naona bado hakijapungua hata nakala moja.

Tuingie kwenye mada. Watafiti wa kawaida huanza na cheti chao wenyewe cha kuzaliwa, wakapanda kwa mzazi, kwa babu, kwa babu wa babu, pingili kwa pingili, kama mgema juu ya mnazi. Mama mkutubi wetu, aliye nasi hapa, huwashauri pia waanze na vyeti vya vifo. Vile vya Victoria, tangu Julai 1853, vinataja wazazi wa marehemu, mahali alipozaliwa na miaka aliyokaa kwenye makoloni. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye hana mfalme. Mimi nilianzia kileleni, kwa William Mshindi, mwaka 1066, nikateremka.

Njia hii ina kasoro moja, nayo ni ndogo. Rejista za parokia za ubatizo, ndoa na maziko ziliamriwa na Thomas Cromwell mwaka 1538. Kwa hiyo kati ya William na maandishi hayo kuna upenyo wa miaka 472. Upenyo huo nimeuziba kwa pua. Kwenye kile kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu, yuko William katikati ya vita, ameinua kofia yake ya chuma ili askari waone kwamba hajafa. Itazameni pua ile. Sasa itazameni hii. Fundi wa miwani aliwahi kuniambia kwamba miwani hainikai kwa sababu pua yangu imeelekea kushoto. Nikamwambia, bwana, huo ni urithi.

Kuna mtu wa hesabu katika chama chetu ambaye hunisumbua. Anasema kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, waliowazaa hao 8, na ukirudi vizazi kumi unafika watu 1,024, kwa hiyo haishangazi kumkuta mfalme mmoja humo, kama hushangai kukuta pia wachunga nguruwe wote wa wilaya. Nilimjibu kwa utulivu. Wale 1,024 nimewapitia kwa haki, nikamchagua mmoja.

Na msidhani elimu ya nyuso ni jambo la mzaha. Mwaka 1854 Roger Tichborne, kijana mwembamba wa familia tajiri ya Kiingereza, alipotelea baharini. Miaka kumi na mbili baadaye muuza nyama kutoka Wagga Wagga akatokea kudai kwamba ndiye yeye. Alikuwa mnene kupindukia, na Kifaransa, lugha ambayo Roger alilelewa nayo, hakukijua hata neno. Mama yake Roger alimtazama akasema, huyu ndiye mwanangu. Mahakama ilikaa siku 188, ikampa mtu yule miaka 14 jela. Mimi hadi leo niko upande wa mama.

Sasa Australia. Koloni letu la Australia Kusini lilitangazwa tarehe 28 Desemba 1836, siku ile ile aliyowasili Gavana Hindmarsh kwa merikebu ya Buffalo. Hapa hawakuletwa wafungwa. Sydney waliletewa tangu 1788. Hobart waliletewa. Hata watu wa Perth, walioanza na kiburi chao mwaka 1829, waliishia kuwaomba wenyewe mwaka 1850 kwa kukosa vibarua. Jumla ni watu kama 162,000, mpaka merikebu ya mwisho, Hougoumont, ilipotia nanga Fremantle Januari 1868. Sisi, hapana. Ndiyo maana nikienda Sydney pochi yangu huiweka mfuko wa mbele.

Babu wa babu yangu alishuka kutoka Buffalo.

Mama mkutubi ameinua mkono. Karibu, mama. Anasema orodha ya abiria wa Buffalo ipo, na jina la ukoo wangu halimo. Ni swali zuri kwa anayeanza. Makarani wa zamani, mama, walikosea sana herufi za majina. Kwenye jina letu walikosea zote.

Lakini nisiwachoshe, maana leo nimekuja na hazina. Ni nakala za daftari kutoka hifadhi ya nyaraka ya Hobart. Mimi nilizitafuta miaka kumi na moja, na mama mkutubi akazipata katika saa yake ya chakula, jambo linaloonyesha jinsi nilivyokuwa nimemwandalia njia. Mtauliza Hobart inahusianaje na Buffalo. Ni dhahiri alipitia.

Babu wa babu yangu aliondoka Suffolk miaka ya 1830 akiwa na umri wa miaka 19, kwa gharama za Serikali. Nauli, chakula, mavazi, daktari wa merikebuni, vyote juu ya Mfalme. Alipewa mkataba wa kazi wa miaka saba. Na uteuzi wake haukufanywa ovyo ovyo: walikaa watu kumi na wawili, jaji akiwaongoza, na wote wakakubaliana kwamba anayefaa kwenda ni yeye.

Andikeni hili, maana ndilo somo lenyewe. Mtu aliyejilipia nauli yake mwenyewe mara nyingi ameacha jina tu, pengine herufi moja na neno "Bwana." Mhamiaji aliyesaidiwa nauli na serikali ameacha zaidi kidogo: umri, kazi, alikotoka, kama anajua kusoma. Lakini watu wa daraja la babu yangu! Walipimwa urefu. Wakaandikwa nywele, paji, nyusi, macho, pua, mdomo, kidevu, makovu na michoro ya mwilini. Ni lodi gani wa Uingereza aliyewahi kuandikiwa nyusi? Kila alipolewa, tarehe imewekwa. Kumbukumbu za aina hii UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, na William Mshindi mwenyewe, nasema kwa uchungu, hakuwahi kuandikwa namna hii.

Nasoma. Urefu, futi tano na inchi moja. Wewe unayecheka huko kushoto, nimekwisha kueleza habari ya kipaza sauti. Mkono wa kulia, nanga ya buluu. Pua, ndefu, imeelekea kushoto.

Naomba utulivu ukumbini.

Naendelea. Baada ya miaka minne alipewa hati ya likizo, yenye kibali cha Gavana. Kisha, mkataba ulipokwisha, akatunukiwa hati ya uhuru, ndipo akavuka kuja kwetu Adelaide. Ndiyo, mama? Mama mkutubi anasema ile si likizo ya kazini, ni ruhusa ya mfungwa kujitafutia riziki kabla ya kifungo kwisha. Na anasema, kwa sauti ya chini, bila kujua kwamba kipaza sauti kiko wazi, kwamba hati ya uhuru hapewi mtu ambaye hakuwa amenyang'anywa. Nashukuru kwa mchango wake. Safu ya mwisho sikuwa nimeifikia, maana mwandiko wa zamani unachosha macho, basi naye atusomee.

"Vijiko vya fedha, sita."

Bila shaka ni orodha ya mizigo yake.

Hapana, mama, sihitaji maji. Anajaribu kunifariji. Anasema Francis Greenway aliletwa Sydney kwa kughushi hati, akawa msanifu majengo wa Gavana, na kuanzia 1966 picha yake ikawekwa kwenye noti ya dola kumi. Benki ikamweka mghushi kwenye noti! Na Mary Reibey, aliyeletwa akiwa binti mdogo kwa kosa la kuiba farasi, akawa tajiri wa biashara na merikebu, yuko kwenye noti ya dola ishirini. Hii hapa ninayo. Nimekuwa nikimbeba mfuko wa mbele.

Kuna kijana kule nyuma ameomba kuongea. Anasema bibi yake alimkataza asilitaje jambo hili nje ya nyumba, kwamba mzee wao alikuja na ule msafara wa kwanza wa merikebu 11, ulioondoka Portsmouth Mei 1787, ukafika Januari 1788. Mfungwa. Kosa lake, shati.

Mnampigia makofi? Mnasimama? Mimi nimesimama hapa dakika hamsini na hakuna aliyepiga hata kofi la kuua mbu!

Basi ngoja niwaeleze, ndugu zangu, kama mtaalamu. Shati si kitu. Shati huanuliwa kambani na mtoto yeyote. Vijiko vya fedha vinataka akili: uijue nyumba, umjue mbwa, ujue kabati liko wapi gizani. Na havikuwa kijiko kimoja, bali sita, seti nzima, jambo linaloonyesha mtu mwenye utaratibu. Mimi nimekuwa nikisema tangu mwanzo wa mhadhara huu kwamba ukoo wetu si wa mchezo. Toleo la pili la kitabu changu litakuwa na vijiko kwenye jalada, na sura ya William nitaifupisha. Mwenyekiti ananionyesha saa. Naiona, bwana, naiona.

Kwa kumalizia, chai iko chumba cha pili, na vitabu bado viko mlangoni. Jambo la mwisho: wakati mnamshangilia yule kijana, kalamu yangu ilikuwa hapa mezani, na sasa haipo. Aliyeichukua airudishe kwa mama mkutubi, hataulizwa kitu. Katika ukoo wetu hatujazoea kuibiwa.