Jinsi ya Kuvuka Majilio Bila Kutubu: Mwongozo kwa Wakaaji wa Annexe, Lubumbashi

Majilio ni kipindi cha kumngojea Bwana kwa toba na kwa furaha. Furaha tutaifikia. Kwanza tuiondoe toba, maana ndiyo inayosumbua watu.

Nunua mishumaa minne ya taji, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, kisha uiweke mahali watoto wanapoiona. Umeme ukikatika siku ya Jumanne, na mitihani iko karibu, itawashwa yote kwa mpigo. Kufika Jumapili ya pili taji limebaki majani matupu, na wewe umemaliza Majilio kabla ya Papa wa Roma.

Kuhusu kufunga, tangaza kwa sauti kwamba umeacha nyama hadi Noeli. Usiseme kwamba mvua zimeleta inswa, yaani kumbikumbi, na kwamba inswa waliokaangwa kwa chumvi, pembeni ya bukari, hawajawahi kumtesa mtu.

Jumapili ya pili anaingia Yohane Mbatizaji, akitaka njia inyooshwe. Hapo usihangaike. Geuka umtazame kiongozi yeyote wa komini aliyekaa viti vya mbele. Wakaaji wote wa mitaa ya Kalebuka na Kasungami watakuelewa, hasa wale waliofika na tope hadi magotini kwa sababu wewa aliyewabeba alishuka njiani akaanza kuisukuma pikipiki yake mwenyewe. Kwamba Yohane alikuwa akisema juu ya moyo, hilo waachie makatekista.

Kitubio ndicho kigumu. Desemba mstari ni mrefu, na mama aliye mbele yako hakosi kuungama dhambi za mume wake, za wifi zake na za kiongozi wa korale. Mngojee, anakupa muda wa kusahau zako. Chagua padri mgeni asiyeijua sauti yako. Lakini zaidi ya yote, tazama mawingu! Mvua ya Lubumbashi ikipiga mabati, padri hasikii, nawe utalazimika kupaza sauti. Utasema “niliiba”, atauliza “uliimba?”, utarudia, na benchi zima litageuka kukutazama. Atauliza tena, kwa sauti ya kushinda mvua: “Mara ngapi?” Kuna watu waliohama parokia kwa ajili ya swali hilo.

Halafu kuna shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani. Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo tangu 1961, bila kufikiria kwamba siku moja shirika lako litasali katika lupango wa yule papa jirani aliyesogeza ukuta wake mita moja upande wako. Nenda, lakini kaa karibu na mlango. Wakati wa kupeana amani shika mkono wa mtoto wake; hiyo inahesabiwa. Na tarehe 1 Desemba, sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite, ugua kidogo, ubaki nyumbani. Aliuawa Isiro mwaka 1964, akamsamehe kanali aliyemwua hapo hapo akiwa anakufa. Mfano kama huo ni hatari kwa mtu mwenye kesi ya mpaka.

Sasa furaha. Jumapili ya tatu padri anavaa waridi, Kanisa lenyewe linaamuru watu wafurahi, na hakuna amri ambayo Annexe inaitii upesi kuliko hiyo. Adhuhuri bia baridi ya Simba iko mezani. Wanakorale wanagombania kitenge cha Noeli: nani hajalipa, nani ameshonewa kabla ya kulipa. Utukufu haujaimbwa Jumapili hata moja tangu Majilio yaanze, lakini spika za jirani zimeshaimba kila kitu kingine.

Hatari moja inabaki. Huenda yule papa wa ukuta akawa wa kwanza kubisha hodi, tarehe 23 jioni, ameshika futi ya kupimia na kuku, akisema amekuja tuyamalize. Pokea kuku. Ile futi mwambie airudishe wakati wa Kwaresima. Hiyo ina siku arobaini.