Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Ireland kwa Wiki Moja Bila Kutoka Jasho

Umelipia ziara ya Ireland ya kikundi kidogo: abiria kumi na wawili, pengine kumi na sita, basi dogo moja, na dereva ambaye ndiye kiongozi wenu. Umefanya vyema. Sasa tuambizane ukweli, wewe na mimi. Unataka kuiona nchi, ndiyo, lakini unataka zaidi kurudi nyumbani ukiwa mtu wa kusikilizwa. Si dhambi hiyo. Fuata hatua hizi, yote mawili utayapata.

1. Kwenye viza, weka ujanja kando

Nitakupa njia nyingi za mkato, ila hapa sina hata moja. Ireland haimo katika Schengen, kwa hiyo viza iliyokupeleka Ufaransa haikufikishi Dublin. Na ile Giant's Causeway unayoiota, nguzo za mawe zipatazo 40,000 zilizotokana na lava iliyopoa, iko Ireland ya Kaskazini, yaani ndani ya Ufalme wa Muungano. Mpakani hakuna geti wala askari. Basi linapita tu. Lakini mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anatakiwa awe na viza ya Uingereza pia. Ichukue mapema, au chagua ziara ya kusini na magharibi. Huko nako uhondo hauishi.

2. Wahi kiti

Ireland wanaendesha kushoto kama kwetu, na dereva anakaa kulia. Mabasi ya watalii huizunguka Ring of Kerry, barabara ya kilomita 179, kinyume cha mishale ya saa, kwa sababu njia ni nyembamba na mabasi makubwa yakikutana hayapishani. Piga hesabu: bahari itakuwa kulia. Keti nyuma ya dereva, Atlantiki iwe dirishani kwako na kila neno la kiongozi likufikie. Siku ya Slea Head, kwenye rasi ya Dingle, magari huzunguka upande wa pili; hamia kushoto. Wenzako watasema una bahati. Waitikie.

3. Kariri mambo matatu, acha mia

La kwanza, Newgrange. Kaburi hilo la mawe lilijengwa mnamo mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza, na karibu na tarehe 21 Desemba jua la asubuhi huingia kwa tundu lililo juu ya mlango, likatambaa ushorobani hadi chumba cha ndani. La pili, majabali ya Moher yanafika mita 214 juu ya bahari. La tatu ni sweta za visiwa vya Aran. Utaambiwa kila ukoo ulikuwa na mtindo wake wa kufuma, ili mvuvi aliyezama atambuliwe. Hadithi ni tamu, ila haina ushahidi. Nunua sweta kwa sababu inatia joto, na hadithi iache dukani. Mjuzi hujulikana pia kwa yale asiyoyarudia.

4. Salimia kwa kidole

Kwenye barabara za mashambani, mwangalie dereva wenu anapokutana na gari jingine. Mkono hautoki kwenye usukani. Kidole cha shahada tu ndicho kinachoinuka, kisha kinalala. Hiyo ni salamu kamili, na anapewa hata asiyejulikana. Ukishuka kutembea, inua mkono kwa kila gari linalopita. Gharama yake ni sufuri, na kabla ya jioni utakuwa umesalimiwa na nusu ya kijiji.

5. Uliza kuhusu rangi za kondoo

Huu ndio ujanja mkubwa kuliko wote, kwa hiyo tulia nao. Kwenye milima ya Connemara na Kerry utaona kondoo wana madoa mgongoni: huyu bluu, yule mwekundu. Sehemu nyingi wanachungwa pamoja kwenye mlima usio na uzio, na kila mfugaji ana rangi yake. Mtakaposimama kwa mfugaji awaonyeshe mbwa wake anavyokusanya kundi kwa mluzi tu, wengine watakimbilia kumpiga picha mbwa. Wewe msogelee mzee, umuulize: "Hao wa bluu ni wa nani?"

Halafu nyamaza. Utaambiwa ni wa jirani, na jirani ni mtu wa namna gani, na bei ya sufu ilivyoanguka, na kijana aliyehamia Australia. Watu wa Ireland wanapenda mazungumzo, lakini wanampenda zaidi anayejua kusikiliza. Swali moja jema litakufundisha zaidi kuliko kitabu ulichokibeba na hukukifungua.

6. Ingia baa hata kama hunywi

Agiza chai au soda, hakuna atakayekushangaa. Ila jua desturi: wa meza moja hununuliana kwa zamu. Ukishanunuliwa, zamu yako inakuja; usikumbuke kupiga simu dakika hiyo. Viti vya pembeni vilivyo wazi ni vya wanamuziki, usikalie. Wakianza na fidla, filimbi na ile ngoma ya kushika mkononi, makofi yasubiri wimbo uishe.

Kisha toa turufu. Sema unatoka Afrika Mashariki, umtaje Bruda Colm O'Connell, mtu wa kaunti ya Cork aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kulea wakimbiaji. Mmoja wao, David Rudisha, alishinda mita 800 London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia: dakika 1 na sekunde 40.91. Meza itachangamka. Ongeza kwamba chai wanayoipenda mno huchanganywa na majani ya Kenya na Rwanda. Hapo mgeni umekwisha kuwa jamaa.

7. Penye Njaa Kuu, usijifanye chochote

Kiongozi atawaonyesha mistari kwenye mteremko, imefunikwa na majani. Ni matuta ya viazi. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia mashambani, na hadi kufikia 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine milioni moja au zaidi wamepanda meli. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane kisiwani. Leo, kusini na kaskazini pamoja, ni milioni saba na kidogo. Usitafute la kusema, wala usijipige picha. Yatazame matuta vizuri. Walioyalima walitegemea kula kilichomo. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini kila unayekutana naye ana ndugu Boston au Liverpool.

8. Rudi na kijiji kimoja

Ukifika nyumbani, usitaje majina kumi; anayetaja kumi hunaswa kwenye la tatu. Chagua kijiji kimoja, mzee mmoja, mlima mmoja. Eleza rangi za kondoo na kidole cha dereva, polepole, mpaka chai ipoe. Na wakikuuliza Dublin ikoje, sema kweli kwamba ulilala hapo usiku mmoja tu na hukuijua. Mtu akikiri asichokijua, mengine yote huaminiwa.