Malisho Yasiyo na Ng'ombe

Jumamosi moja ya Mei, ilipokuwa saa mbili asubuhi kule St. Petersburg, Florida, na saa tisa alasiri Sondu, mama mmoja wa Nyakach alipokea simu ya mwanawe akasikia injini ikinguruma nyuma ya sauti. "Nyathina, uko kisiagini?" aliuliza. "Huko nako mnasaga?"

Hakuwa kisiagini. Alikuwa akikata nyasi.

Maelezo yaliyofuata yalimaliza bando la wiki nzima, na bado mama hakuridhika. Nyasi za nani? Zake. Analisha nini? Halishi kitu. Anaezekea? Haezekei. Basi anazikata za nini? Ili ziwe fupi. Na ile mbolea aliyosema juzi kwamba amenunua, ameimwaga wapi? Kwenye nyasi hizo hizo, ili zikue. Mama alimwita jirani aje ajisikilizie mwenyewe, simu ikawekwa spika, na tangu siku hiyo ripoti za jamaa huyu zinasikilizwa sokoni Sondu, kati ya viazi vitamu vya Kabondo na mafungu ya mananasi. Waluo, Wakipsigis na Wakisii wanaokutana hapo hawakubaliani kila siku, lakini kwa hili walikubaliana mara moja: kijana anahitaji ng'ombe.

Tumwite Janyakach, kwa kuwa ndivyo anavyojitambulisha. Hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alijibana miaka mingi akanunua nyumba, nayo nyumba ikaja na vyumba vitatu, mkopo wa miaka 30 na nyasi. Vyumba havimsumbui. Mkopo una tarehe yake ya mwezi, unajulikana. Nyasi ndizo hazina tarehe.

Aliyesoma shule ya msingi upande wetu anajua nyasi ni nini: ni adhabu. Ukichelewa gwaride, slasha. Ukikutwa unaongea lugha ya mama, slasha. Janyakach alifyeka nusu ya uwanja wa shule yake kabla hajamaliza darasa la saba, akaapa kwamba akipata kazi ya maana hatarudia. Leo ametoa dola zake mwenyewe kununua adhabu yenye magurudumu, na jirani yake, mzee wa miaka 70 na kitu ambaye hakuwahi kuchelewa gwaride lolote, huamka Jumamosi alfajiri kuitumikia kwa furaha, akipiga mluzi.

Wala si wawili hao peke yao. Mwaka 2005 mtafiti Cristina Milesi na wenzake walitumia takwimu za setilaiti kukadiria eneo lililofunikwa na nyasi za namna hii Marekani nzima, wakapata takriban kilomita za mraba 163,000. Hiyo ni zaidi ya robo ya Kenya. Ziwa Victoria lote lingeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki, tena malisho matupu, bila hata mbuzi mmoja aliyefungwa kamba.

Mwaka wa kwanza ulimshinda kwa sababu ya majira. Mtu wa Sondu ana masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka. Amelelewa kati ya radi za Kisii na mvua ya mawe ya Kericho, kwa hiyo radi za Florida hazikumtisha. Zinakuja Juni hadi Septemba, karibu kila alasiri. Kilichomtisha ni Januari. Nyasi zilipauka zikawa rangi ya chai ya maziwa, naye akaamini ameziua. Kumbe zilikuwa zimelala tu kwa sababu ya baridi. Majirani nao walitoa mashuka ya kitandani wakafunika maua usiku. (Kusini zaidi, upande wa Miami, baridi ikizidi mijusi wakubwa aina ya iguana hufa ganzi na kudondoka kutoka mitini; Januari 2020 idara ya hali ya hewa ya huko ilitoa ilani kabisa kwamba wanaweza kuanguka. Mama alisema hiyo hawezi kuirudia sokoni, ataonekana mwongo.)

Kwa hofu, Janyakach alianza kumwagilia kila siku. Hapo ndipo alipogundua kwamba maji ya nyasi yana sheria, na sheria yenyewe inatazama namba ya nyumba. Kwa utaratibu wa kawaida wa mamlaka ya maji ya kusini-magharibi mwa Florida, mwenye namba shufwa humwagilia Alhamisi na Jumapili, mwenye namba witiri Jumatano na Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Yeye alikuwa akimwagilia hata Jumatatu saa sita mchana. Barua ya kwanza ilifika Ijumaa.

Habari ya maji ilipofika Sondu ilileta swali lingine: maji hayo ni ya mto gani? Pale Mto Miriu hushuka kutoka uwanda wa juu wa Nyakach na kuzungusha mitambo ya megawati 60 ya Sondu-Miriu, kwa hiyo watu hupenda kujua maji yametoka wapi na yamefanya kazi gani kabla ya kuja kukaa bure. St. Petersburg, tangu miaka ya 1970, ina mtandao wa mabomba ya zambarau yanayorudisha maji ya vyoo na mabafu baada ya kusafishwa, nayo ndiyo humwagilia nyasi za mitaa mingi. "Kwa hiyo," mama alisema taratibu, kama mtu anayehesabu chenji, "mnapeleka mbolea kwa bomba, halafu mnakwenda dukani kununua nyingine."

Mama hakuwa mbali na ukweli. Maji hayo hubeba naitrojeni kiasi, na wataalamu wa huko huwashauri wanaoyatumia wapunguze mbolea. Tena katika kaunti yake ya Pinellas mbolea ya naitrojeni na ya fosforasi hairuhusiwi kwenye nyasi kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, maana mvua huisomba hadi Ghuba ya Tampa ikalisha mwani badala ya nyasi. Anayeifahamu Ghuba ya Winam hahitaji kuchorewa picha: kinachotiririka kutoka mashambani na mijini ndicho hunenepesha gugumaji hadi mitumbwi ya Dunga inashindwa kutoka.

Kisa kikubwa, hata hivyo, ni cha mboga.

Machi iliyofuata, Janyakach alichoka kula majani yanayouzwa yakiwa yamefungwa kwenye sanduku la plastiki kama simu mpya. Aliagiza mbegu kwa Mkenya mwenzake wa Texas, akachimba matuta mawili mbele ya nyumba, palipo na jua zuri, akapanda ododo (mchicha), osuga (mnavu) na dek. Dek ndiyo saga kwa wengine, na asiyeijua aangalie jani lake: lina vidole vitano vilivyotanuka kutoka kwenye kikonyo kimoja. Kwa mtu wa Sondu hiyo ni mboga chungu inayopikwa kwa maziwa. Kwa jirani aliyekuwa akipita na mbwa, hiyo ilikuwa bangi, tena nyingi, tena mbele ya nyumba ya mtu anayeishi usiku.

Barua ya pili haikutaja bangi. Chama cha wenye nyumba kiliandika kwa adabu juu ya "mimea isiyoidhinishwa katika ua wa mbele". Janyakach alijibu kwa kuwaalika viongozi chakula cha jioni. Mmoja alikuja. Alikula dek kwa ugali, akaomba maji mara tatu, akasifu ugali.

Naye Janyakach, kwa kuwa Mluo akikosewa husoma sheria, alizama katika sheria. Alikuta kisa cha Miami Shores, ambako mke na mume, Hermine Ricketts na Tom Carroll, walilima mboga mbele ya nyumba yao kwa miaka 17 hadi mwaka 2013, mji ulipopiga marufuku bustani za namna hiyo na kutishia faini ya dola 50 kwa siku. Waling'oa, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Mwaka 2019 Bunge la Florida likapitisha sheria inayozuia miji na kaunti kuwakataza watu kulima mboga nyumbani kwao, nao wakapanda tena. Janyakach aliichapisha sheria hiyo akaipigia mstari. Kisha akasoma kipande kilichobaki: inafunga mikono ya miji na kaunti, haivigusi vyama vya wenye nyumba. Dek ikahamia nyuma ya nyumba, ambako inastawi hadi leo karibu na mashine ya kupozea hewa.

Kuna waliopata makubwa zaidi. Katika mji wa Dunedin, kaunti hiyo hiyo ya Pinellas, mwaka 2018 mzee mmoja aitwaye Jim Ficken alisafiri kwenda South Carolina kushughulikia mirathi ya mamake marehemu. Mtu aliyemwachia kazi ya kukata nyasi naye akafariki. Nyasi zikavuka sentimita 25 zinazoruhusiwa na mji, faini ikahesabiwa dola 500 kwa siku, na alipokuja kujua alikuwa anadaiwa karibu dola 30,000, yaani shilingi za Kenya zinazokaribia milioni 4. Alishtaki. Mwaka 2021 mahakama ya serikali kuu ikaupa mji ushindi.

Kisa hiki kiliposomwa Sondu, soko lilinyamaza. Misiba miwili, na bado mtu anaulizwa nyasi! Mzee mmoja alitaka kujua kama huyo Ficken hakuwa na wifi au shemeji hata mmoja wa kushika slasha wakati wa matanga.

Tuseme sasa habari ya magugu, maana hapo ndipo dunia inapochekesha. Nyasi anazofuga Janyakach ni za aina ya Mtakatifu Agustino, mbegu iitwayo Floratam iliyotolewa mwaka 1973 na Chuo Kikuu cha Florida na kile cha Texas A&M. Hukatwa zibaki na sentimita 9 au 10, na kinachoota katikati yake ni adui. Ukoka, ambao asili yake ni upande wetu wa dunia, huko huitwa nyasi ya Bermuda na hunyunyiziwa dawa ukivuka mpaka. Nyasi ya Kikuyu, iliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kubeba jina hilo hilo hadi ng'ambo, imo katika orodha ya serikali kuu ya magugu hatari, ingawa matajiri wa California hucheza gofu juu yake. Habari hii ilichekwa sana Sondu, kwa sababu ambazo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa.

Kilichomuuma Janyakach ni desmodiamu. Katika Florida jamaa za mmea huu ni magugu ya kuudhi. Mbegu zake hung'ang'ania suruali, na dukani kuna rafu nzima ya sumu yake. Lakini Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walitumia miaka wakiwafundisha wakulima kuipanda desmodiamu katikati ya mahindi na nepia pembeni. Harufu yake hufukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, nepia huwavuta nje, na mizizi ya desmodiamu huidhoofisha kayongo, lile gugu la maua ya zambarau lililowafilisi wengi. Halafu ng'ombe anakula vyote viwili. Siku alipotumwa na chama kung'oa kichipukizi kimoja, alikishika mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Naye kiwavijeshi vamizi aliyetafuna mahindi ya Nyakach mwaka 2017 ni mzaliwa wa Amerika. Kule hula nyasi za watu usiku mmoja zikabaki kama zimeunguzwa. Janyakach alimkuta Agosti, akamtambua, akampigia mama simu ya video. "Ndiye huyo," mama alithibitisha. "Mwambie tunamdai."

Gugumaji lilipita njia hiyo hiyo. Lilitoka Amazon, likapelekwa Florida na Louisiana mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya ua lake zuri, likaziba mito. Mwaka 1910 mbunge Robert Broussard wa Louisiana alipeleka bungeni Washington mswada wa kuleta viboko kutoka Afrika waje walile, na wao wenyewe waliwe nyama. Mswada haukupita. Mvuvi yeyote wa Dunga angewaambia bure kwamba kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi za nchi kavu, yaani zile zile wanazozimwagilia. Florida iliishia kuwaachilia fukusi kutoka Argentina mwaka 1972, na fukusi wa jamii hiyo wakaja kuachiliwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1990.

Haya yote mama aliyapokea vizuri. Jambo moja tu halijapita. Wiki iliyopita aliuliza nyasi zilizokatwa huenda wapi. Janyakach akaeleza kwamba hupakiwa katika mifuko mikubwa ya karatasi, huwekwa kando ya barabara, na lori la taka huja kuzichukua. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu hata akadhani mtandao umekatika. Ilikuwa Februari, Nyakach kukavu, na mama alikuwa ametoka kununua mzigo wa nyasi kavu kwa ajili ya ng'ombe wake wawili.

"Mifuko mingapi?" hatimaye aliuliza.

Sita.

Tangu hapo anapokea simu za binti yake wa Nairobi tu. Anayesafiri kwenda Florida mwaka huu anaombwa apitie kwanza Sondu amtulize mama huyu, na asikubali kubebeshwa mbegu za dek ndani ya soksi: mbegu zisizo na cheti hunyang'anywa uwanja wa ndege, na Janyakach ana barua za kutosha.