Ombi la Rula kutoka Nyalenda

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Uvuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania,
Kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, Jinja.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Nyalenda, upande wa kuelekea Dunga. Mimi huuza omena, dagaa wa ziwa hili, kwa gorogoro, na utiifu wangu kwa sheria umefika mahali pa kunikwamisha biashara. Mkataba uliozaa shirika lenu ulitiwa saini hapa hapa Kisumu tarehe 30 Juni 1994. Kisha ofisi ikaenda Jinja, samaki wakabaki ziwani, na maswali yakaachiwa wenye makarai.

Mlisema mbuta, ambaye Mwanza humwita sangara, asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50 wala juu ya 85. Naielewa sheria hiyo na naipenda. Mdogo hajapata kuzaa, na yule mkubwa ni mama anayetaga mayai kwa mamilioni. Shida yangu ni kwamba nikimimina omena asubuhi nakuta humo watoto wa mbuta wa urefu wa kidole, fulu wawili watatu, mchanga na makombe ya konokono. Rula ya mwanangu ya shuleni ina sentimita 30. Inawatosha wote na nafasi inabaki.

Naomba mwongozo. Kumvua mtoto huyu ni kosa, kumuuza ni kosa. Kumrudisha ziwani naweza, ila alikufa usiku na sasa amekauka. Nikimtupa kwenye mafunjo ya Dunga nitashtakiwa kwa uchafuzi wa mazingira. Nikimla, nitakuwa nimeharibu ushahidi.

Mtaniambia kosa ni la mvuvi na wavu wake. Basi tuutazame wavu. Ule halali wa omena hapa Kenya una macho ya milimita 10. Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa, wadudu wakaja kwenye mwanga, omena akafuata wadudu, na mtoto wa mbuta naye akafuata riziki. Wavu ukifungwa haumwombi mtu kitambulisho. Kule baharini wataalamu walibuni mlango wa kuweka kwenye nyavu za meli za kuvua kamba ili kasa apate kutoka, na unafanya kazi kwa sababu kasa ni mkubwa na kamba ni mdogo. Huku kwetu anayetakiwa na asiyetakiwa wana kimo kimoja. Mlango wa kumtoa huyu utamtoa na yule, na mimi nitabaki na karai la mchanga. Kwa hiyo, Waheshimiwa, wavu wenu halali huvua haramu kila usiku, na haramu hiyo hukamatiwa kwangu sokoni.

Nyavu haramu zenyewe ni habari nyingine. Kenya ilipoamua mwaka 2017 kwamba mfuko wa plastiki ni adui, faini ikawa hadi shilingi milioni 4 na mifuko ikatoweka soko la Kibuye kama iliyosombwa na mafuriko. Nyavu za uzi wa plastiki zimepigwa marufuku pia, lakini hizo bado ziko majini. Sidhani ziliogelea kutoka kiwandani. Zilipita mpakani, zikapita dukani, na njia nzima hazikukutana na mtu mwenye rula.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba uvuvi wa baharini duniani hutupa tani milioni 9.1 za samaki kwa mwaka, wakiwemo wale ambao hawakukusudiwa. Ulaya ikaona aibu, na tangu 2019 meli zake zinalazimika kuleta bandarini samaki wengi wa aina hiyo badala ya kuwatupa. Wangekuja Nyalenda tukawafunza bila ada, maana huku hatuna samaki asiyekusudiwa. Kinachoingia kwenye karai huingia kwenye sufuria, na anayekataliwa na sufuria huenda kwa kuku. Omena wengi wa ziwa hili husagwa kuwa chakula cha mifugo, na mtoto wa mbuta husagwa pamoja nao. Kuku hajawahi kuulizwa sentimita. Mbuta aliyetimiza kimo naye huenda kiwandani, minofu yake ikapanda ndege kwenda ng'ambo, nasi tukaachiwa mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki. Huo, namshukuru Mungu, haujawekewa kipimo.

Nisamehewe nikigusa historia. Mbuta mwenyewe si mzaliwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wengine wakitolewa Ziwa Albert, kwa sababu maofisa wa siku hizo waliwadharau fulu kuwa samaki wadogo wenye miiba mingi. Walimkusudia samaki mmoja mkubwa. Ilipofika miaka ya 1980 mbuta alikuwa amejaa ziwa zima, na wanasayansi hukadiria kwamba aina kama 200 za fulu zimetoweka, yeye akiwa mshukiwa mkuu na uchafu wa maji ukiwa msaidizi wake. Aina 200, Waheshimiwa, bila wavu, bila taa, bila kulowa! Hakuna mvuvi wa Dunga aliyewahi kunasa vingi namna hiyo asivyovikusudia, na sijasikia ofisa aliyenyang'anywa kalamu.

Kuanzia Aprili hadi Julai Kenya hufunga uvuvi wa omena ili wazaliane. Tunamiliki asilimia 6 ya ziwa, na hiyo sita hupumzika kwa adabu huku sokoni tukinunua omena wa ng'ambo ya mpaka. Kama mna njia ya kuwajulisha samaki mpaka ulipo, tunaomba ianze na watoto wa mbuta.

Ombi langu ni dogo. Nitumieni rula ya sentimita 85, na mtu wa kuishika saa tisa za usiku katikati ya ziwa, kabla wavu haujavutwa. Mkijibu, tafadhali tumieni karatasi ngumu. Tangu mifuko iondoke tunafungia wateja kwenye karatasi, na hizi nyepesi za serikali hazistahimili omena.

Wenu mtiifu,
Muuza omena, Nyalenda.