Mwongozo kwa Anayekwenda Kutolewa Sumu

Kwanza, hakikisha huumwi. Mgonjwa ana maswali mengi. Anayetafutwa ni wewe uliyelala vibaya ukaamka shingo imekaza. Hiyo, utaambiwa, ni sumu.

Usiulize sumu gani. Swali hilo humuudhi mhudumu, naye ana yake: alijiunga na biashara hii kwa kununua mzigo wa kuanzia kwa akiba yake, na faida anayoiwania iko kwa watu atakaowaandikisha chini yake. Mwite daktari. Koti jeupe analo.

Utaulizwa umri, jinsia, urefu na uzito, kisha utashikishwa kijiti cha chuma chenye waya unaoingia kwenye kompyuta. Punde tu karatasi zinatoka: ini, figo, homoni, mifupa, vyote vimesomwa kiganjani bila tone la damu. Ukiwa mwanamke, kuna uvimbe "unaanza". Ukiwa mwanamume, mhudumu atashusha sauti. Usimwombe arudie kipimo kwa kuandika umri wa mtu mwingine.

Sasa beseni. Maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, kifaa cha umeme, miguu ndani. Nusu saa baadaye maji yamekuwa kama chai ya rangi, na povu juu. Pokea pongezi. Wakorofi husema hiyo ni kutu: umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, vyuma vya kifaa huliwa, na maji yangebadilika hata pasipo miguu. Wape pole, hawajaonja raha ya kuuona uchafu wao kwa macho. Figo zako huchuja takriban lita 180 kwa siku, lakini nani amewahi kuziona zikifanya kazi?

Biashara hii ina wazee wake. Marekani, miaka ya 1920, matangazo ya Listerine, dawa ya kusukutua mdomo, yalimwonyesha binti anayekosa mchumba kwa kunuka mdomo bila kujijua; mauzo yakapaa. Dawa hiyo hiyo ilidaiwa kuzuia mafua, hadi mwaka 1975 tume ya biashara ya serikali, FTC, ilipoamuru matangazo yenyewe yaseme kwamba haizuii.

Baada ya beseni utauziwa chupa za dawa. Ukianza kuharisha, furahi: sumu zinatoka. Usipoharisha, ongeza chupa.

Ila mhudumu akikwambia usimamishe vidonge vya presha au sindano ya sukari mpaka umalize dozi yake, hapo utani umekwisha. Vaa viatu uondoke, hata kama miguu haijakauka.