Barua ya Wazi kwa Kamati ya Kaunti ya Leseni za Vileo

Waheshimiwa,

Hongereni. Mtaani kwetu sasa tuna baa saba na taa moja ya barabarani, nayo iliungua mwaka jana. Hesabu yenu naielewa: baa hulipa leseni, taa hula umeme.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inataka baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, wikendi saa nane mchana, na ifungwe saa tano usiku. Tena ikae mita 300 kutoka shule. Baa inayopakana na chekechea yetu hufunga saa tano kamili, mlango wa mbele. Wa nyuma hufunguka ukibisha mara tatu. Askari wa doria hubisha mara moja tu, kwani wao hawakai, wanapitia chao.

Jumamosi iliyopita, hapo nyuma, fundi wa umeme alipasuliwa kichwa kwa chupa. Deni la shilingi 200. Bodaboda ikamkimbiza hospitali ya kaunti, hiyo yenu. Nyuzi tisa, glavu, muuguzi wa zamu ya usiku: andikeni. Asubuhi akahangaikia fomu ya P3. Daktari aliyeijaza ataitwa mahakamani, kesi iahirishwe, aitwe tena, na foleni ya wagonjwa imngoje. Aliyempiga yuko rumande anakula ugali wa serikali. Mkewe amefunga kibanda cha sukuma wiki ili afuatilie dhamana, kwa hiyo hata ushuru wa soko mmeukosa. Sasa toeni gharama hizo kwenye ada ya leseni, mnirudishie chenji.

Niliwaomba taa, wakaguzi wawili wa usiku, na mshauri wa waliolemewa na pombe pale zahanati. Mkajibu hakuna bajeti, na kwamba misako inatosha. Kweli inatosha. Februari 2024, kule Kirinyaga, watu zaidi ya kumi waliuawa na pombe ambayo serikali yenyewe ilisema ilikuwa kielelezo cha kesi, ikatolewa kituo cha polisi. Mali ikamatwe, ihifadhiwe bila kodi ya ghala, kisha irudi sokoni! Mfanyabiashara gani angekataa mpango huo?

Kuhusu taa, msisumbuke kutangaza zabuni. Balbu tumeichangia. Fundi amesema ataifunga bure, akishatolewa nyuzi.

Wenu,
Mlipa kodi, nyumba ya tatu kutoka mlango wa nyuma