Kanga Iliyobadili Kauli

Ubora wa picha ni neno moja lenye wenyewe wawili wasiosalimiana: mpiga picha hulitumia akimaanisha kwamba kila kilichoonwa na kamera kimebaki mahali pake, ilhali mwenye tovuti hulitumia akimaanisha kwamba picha imefunguka kabla msomaji hajaghairi na kwenda kutazama matokeo ya mpira. Kati yao husimama mtu wa tatu, atakayeitwa mtayarishaji katika insha hii, ambaye ameajiriwa kuipunguza picha bila kuipunguza, na ambaye, kwa sababu zitakazoonekana, huiharibu kwa bidii mara nyingi zaidi kuliko kwa uvivu.

Picha ya kidijitali ni jedwali la pikseli, yaani miraba midogo ya rangi iliyopangwa kwa safu, na kila pikseli hubeba namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kila moja ikianzia 0 na kuishia 255, hivyo kwamba rangi zinazowezekana huzidi milioni 16, idadi inayotosheleza hata duka la vitambaa lenye wateja wagumu. Simu ya kawaida hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, ambazo ni pikseli milioni 12, na kwa hesabu ya baiti tatu kwa kila pikseli faili lingepaswa kuwa na megabaiti 36. Lakini mwenye simu akilitazama hukuta megabaiti 3 au 4 tu. Zilizobaki zilitolewa na simu yenyewe kabla haijarudishwa mfukoni, kwa hiyo mtu anayeapa kwamba anayo picha asilia, haijaguswa, huapa juu ya kitu ambacho tayari kimeshatolewa zaka, tena zaka nono.

Utaratibu unaotoa zaka hiyo ni JPEG, kanuni iliyoidhinishwa mwaka 1992 na kubeba jina la jopo la wataalamu walioiandika, na msingi wake ni hesabu ambayo Nasir Ahmed na wenzake wawili, Natarajan na Rao, waliichapisha mwaka 1974. Picha hukatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha kila mraba huelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi, yale mapana yanayobeba umbo na yale membamba yanayobeba nukta na nyuzi, na hapo ndipo mawimbi membamba yenye nguvu ndogo hufutwa kwa hoja kwamba jicho la binadamu halitayatafuta. Rangi nazo hudhulumiwa kwa hoja hiyohiyo: kwa kuwa jicho hutambua mwanga na giza kwa ukali kuliko linavyotambua rangi, mara nyingi pikseli nne hugawiwa rangi moja zigawane, kama watoto wa nyumba moja na soda moja. Huo ni ulaghai, lakini ni ulaghai wa kistaarabu, na mara ya kwanza hakuna anayeugundua. Tatizo ni mara ya pili na ya tatu, kwa maana kilichofutwa hakirudi, na kila picha inapofunguliwa, ikaguswa kidogo na kuhifadhiwa upya, mizani huwekwa tena na fungu jingine huchotwa. Gunia la mchele likitoka shamba Mbeya na kufika Dar es Salaam kwa kupitia mikono sita, kila mkono ukichota konzi moja ya kuonja, hakuna hata mmoja kati ya hao sita atakayekubali kuitwa mwizi.

Mali inayoumbuka kuliko zote katika safari hiyo, kwa rai ya mwandishi wa insha hii, ni kanga. Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya mji, ambayo kwa wanunuzi wengi ndiyo sababu ya kununua. Kitenge kikififia kwenye tovuti hubaki kitenge kilichofifia, lakini kanga ikififia huwa bubu, na hesabu yake ni nyepesi. Kitambaa kina upana wa takriban mita 1.5, kikijaza picha yenye pikseli 4000 kwa upana, herufi ya sentimita 3 hupata kimo cha pikseli 80, picha ikishushwa hadi pikseli 1600 herufi hubaki na 32, ambazo zinatosha, ikishushwa hadi 320, kipimo cha vile vijipicha vinavyopangwa kwenye orodha ya bidhaa, herufi hubaki na pikseli 6 na kitu, maana yake herufi nzima inaweza kuingia ndani ya mraba mmoja wa 8 kwa 8, ikakutana huko na hesabu ya mawimbi, na kutoka ikiwa doa.

Kisa kinachothibitisha hoja hii hakina budi kuelezwa kwa unyenyekevu, kwa kuwa mtayarishaji aliyehusika na mwandishi wa insha hii ni mtu mmoja. Shangazi yake, muuza kanga, alikuwa ametengenezewa tovuti ya duka, na kijana wa dukani akapiga picha nzuri ya doti mpya, rangi ya damu ya mzee, yenye jina «Mdhaniaye ndiye siye». Picha ilitumwa kwa shangazi kwa programu ya ujumbe, ambayo kwa desturi ya programu hizo iliishusha upana hadi chini ya nusu ili isafiri upesi. Shangazi aliifungua, akaikuza kwa vidole viwili hadi ikajaa kioo ili mpwa wake aone vizuri, kisha akapiga skrinishoti. Na skrinishoti, ieleweke, ni picha ya kioo na wala si picha ya kanga, hivyo hubeba kila kilichokuwa juu ya kioo wakati huo, ikiwa ni pamoja na saa, alama za mtandao, na taarifa kwamba betri imebaki asilimia 7. Skrinishoti hiyo ikatumwa kwa programu ileile, ikachotwa konzi yake.

Mtayarishaji mwenye busara angerudi kwa kijana wa dukani na kuomba faili la kwanza. Huyu, kwa kuwa alikuwa na programu ya kuhariri picha na alikuwa amejifunza vitufe vyake vitatu, aliona heshima yake iko mashakani. Kwanza aliikuza picha hadi pikseli 2000, bila kujua kwamba programu inapokuza haileti ushahidi mpya, bali huwauliza majirani wa kila pengo wanadhani palikuwa na rangi gani, nao, kama ilivyo desturi ya majirani, hujibu kwa uhakika mambo wasiyoyaona. Pili aliinoa, yaani aliamuru kingo za maumbo zikolezwe, na kila herufi ikaota ukungu mweupe kandokando kama manyoya ya kifaranga. Tatu aliihifadhi kwa PNG, kanuni ya mwaka 1996 inayobana faili bila kufuta chochote, akiamini kwamba kanuni isiyopoteza itarudisha kilichopotea, imani inayofanana na ya mtu anayemimina chai iliyopoa kwenye chupa ya chai na kukaa akiisubiri ichemke: chupa itaitunza chai hiyo kwa uaminifu mkubwa, ikiwa imepoa vilevile. Katikati ya kazi alibadilisha pia namba ya nukta kwa inchi kutoka 72 hadi 300, kipimo kinachomhusu mpiga chapa na karatasi yake, na ambacho kwenye skrini ni sawa na kufuta kilo 50 kwenye lebo ya gunia na kuandika 200. Tovuti ilipokataa faili kwa uzito, akarudi kwa JPEG na kulibana hadi likalia.

Siku ya pili shangazi alipiga simu. «Baba, mbona kanga yangu kama imeloa?» aliuliza, na kabla hajapewa somo la mawimbi akaongeza kwamba wateja wawili walikuwa wameshamwuliza kama ile asilimia 7 iliyo pembeni ni punguzo la bei.

Jambo kubwa zaidi halikuonekana siku hiyo. Neno la mwisho la jina lilikuwa limeangukia kwenye mkunjo wa kitambaa, penye kivuli, herufi nyeusi juu ya wekundu wa giza. Na kwa kuwa ubanaji hufuta kwanza tofauti zilizo hafifu, pale ndipo makonzi yote yalipokuwa yamechotwa. Herufi za mwanzo zilinusurika kwa sababu zilikuwa kwenye mwanga. Kanga iliyoandikwa «Mdhaniaye ndiye siye», yaani unayemshuku siye aliyetenda, ilisomeka kwenye tovuti «Mdhaniaye ndiye», likifuatiwa na kitu ambacho mtu muungwana angekichukulia kuwa ua la pindo.

Njia iliyo sahihi ni fupi kuliko kosa lenyewe, na huenda ndiyo maana haipendwi. Faili la kwanza huombwa kwa aliyelipiga, likatumwa kama dokumenti badala ya picha, kwa sababu programu za ujumbe huheshimu dokumenti na kuchota picha, au likaletwa kwa flashi. Kisha hutunzwa bila kuguswa, na kazi yote ikafanywa juu ya nakala. Nakala hukatwa pembeni, hurekebishwa mwanga, hushushwa mara moja tu hadi upana unaohitajika, ambao kwa safu ya ukurasa ya pikseli 800 ni 1600, kwa kuwa vioo vya simu nyingi hubana pikseli mbili au zaidi mahali ambapo kioo cha zamani kiliweka moja. Hunolewa kidogo sana baada ya kushushwa, si kabla, na kuhifadhiwa kwa kiwango cha ubora kati ya 75 na 85, ambapo jicho haligombi na faili huwa na kilobaiti mia chache. WebP, kanuni iliyotolewa na Google mwaka 2010, hupunguza uzito zaidi na inafaa, ila mtayarishaji asiyeweza kushinda kishawishi cha kuhifadhi mara tano ataiharibu hiyo pia. PNG ibakie kwa nembo na mabango ya maandishi. Na yule anayeona suluhisho ni kupandisha picha 30 zikiwa nzima, megabaiti 4 kila moja, akumbuke kwamba megabaiti 120 ni bando la mtu.

Rangi nayo ina mtego wake. Kamera na simu nyingine hupima rangi kwa uwanja mpana kuliko sRGB, kipimo cha mwaka 1996 ambacho vivinjari hukichukulia kuwa ndicho pale faili lisipoeleza lolote. Programu ikifuta maelezo ya uwanja huo yaliyo ndani ya faili bila kwanza kubadilisha rangi zenyewe, damu ya mzee hupauka na kuwa kama matofali ya kuchoma. Maelezo mengine yanayofutwa hovyo ni yale yanayosema simu ilishikwa wima au kwa ubavu, na matokeo yake ni maharusi waliolala wakiwa wamesimama. Yanayopaswa kufutwa kweli, yaani mahali picha ilipopigwa, ndiyo huachwa.

Picha ya duka ilirekebishwa wiki ya tatu, kutoka faili la kijana, ambaye alikuwa nalo muda wote na hakuna aliyemwuliza. Hata hivyo mteja mmoja wa Tanga alikuwa ameshaagiza doti kwa kuamini maandishi ya picha ya kwanza, akiwa na jirani mahususi akilini na siku mahususi ya kuivaa, na alipoifungua akakuta kanga inayomsafisha jirani huyo kwa herufi kubwa. Hakulalamikia kitambaa wala rangi. Aliuliza kwa adabu kama duka linaweza kumpatia ile kanga ya kwenye picha ya zamani, hata kwa bei ya juu, na shangazi akamjibu kwamba ile ilikuwapo moja tu, na ilipopigwa picha ilikuwa imebaki na asilimia 7.